Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Nimepewa nafasi ya kunena juu ya chakula cha mama na mtoto mdogo, nami naomba mnisikilize kwa saburi, maana jambo hili wengi hulidhania kuwa ni la wanawake na waganga tu.

Nianze na fumbo la mkoa wa Iringa. Mkoa huo ni katika mikoa ivunayo mahindi mengi hata kulisha watu wa mahali pengine. Lakini wapimaji wa Serikali walipopita nchi nzima mwaka 2022, waliona ya kuwa katika kila watoto 100 wa Iringa walio chini ya miaka 5, kama 57 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30 katika 100, na hiyo ni nafuu kubwa, kwa kuwa mwaka 2010 walikuwa 42. Basi ni njaa ya namna gani hii ikaayo karibu ya ghala lililojaa?

Jibu lake lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1983 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Ulimwenguni, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo huo. Chombo kikubwa cha mpango ule kilikuwa mizani. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini mwao mbele ya wazazi wao, kisha kamati ya afya ya kijiji ikauliza: Huyu amepungukiwa kwa sababu gani? Tufanye nini kwa mali tuliyo nayo? Miezi mitatu ikipita, mizani ilisema kama shauri lao lilikuwa la kweli ama la maneno tu. Mwaka 1984 watoto waliopungukiwa vibaya sana walikuwa kama 6 katika 100; hata kufika mwaka 1988 walikuwa kama 2.

Katika kuulizana huko lilitokea jambo ambalo sisi wanaume hatupendi sana kulisikia, nalo ni nafasi ya mama. Yeye hulima, hupalilia, huteka maji, huchanja kuni, hupika. Na mtoto hulishwa asubuhi na jioni tu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, haliwezi kupokea chakula cha kutwa kwa milo miwili. Tena uji wenyewe mara nyingi ni wa sembe tupu, hamna maharage, wala karanga, wala dagaa, wala mboga. Mtu mzima akila ugali mtupu hulala ameshiba. Mtoto naye hulala ameshiba, lakini hakui. Kwa ajili hiyo vijiji kadha wa kadha viliweka mahali pa kuwatunza na kuwalisha watoto wakati mama zao wako shambani.

Tena kudumaa huanza tumboni. Tangu mimba kutungwa hata mtoto kutimiza miaka 2 ni siku 1,000 hivi, na kimo kilichopotea katika siku hizo ni vigumu mno kurudishwa baadaye, hata shule ikiwa njema namna gani. (Walimu, mnisikie.) Kwa hiyo mama mjamzito ale zaidi, apunguziwe mizigo, na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze vyote.

Siku hizi kila halmashauri imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitia sahihi mkataba wa lishe na Wakuu wa Mikoa. Agizo ni jema, ingawa fedha yenyewe ni haba. Lakini kutenga ni kuandika katika daftari. Kutoa ni jambo jingine. Mwaka wa fedha ukiisha, ulizeni katika mkutano wa kijiji ni kiasi gani kilichotoka, na kilifanya kazi gani.

Na Siku ya Afya na Lishe, inayofanyika kijijini kila miezi mitatu, isiachiwe akina mama peke yao. Baba naye aje, achukue kadi ya kliniki, ambebe mtoto wake hata penye mizani, na asikie kwa masikio yake uzito unaotajwa.