Kijana Ambaye Nguo za Dukani Hazimwenei

  Chukueni daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarakimu. Mwenye utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani, autandaze mezani. Asiye nao asihangaike. Kamba isiyovutika na rula vitatosha.

Leo tutazungumza juu ya vijana wanaume ambao ni taabu kuwapatia nguo. Mnawajua. Yupo kijana mrefu na mwembamba: suruali ikimtosha kiunoni, humwishia juu ya vifundo vya miguu. Yupo mfupi mnene: suruali ikimtosha kiunoni, huburuta chini. Yupo mwenye mabega mapana kwa sababu ya kazi ya kubeba mizigo, na kila shati humkaba. Yupo pia aliyepooza mguu mmoja utotoni, na sasa mguu huo ni mfupi kuliko mwenzake.

Jambo hili si dogo. Kijana amepata barua ya kwenda kuonana na mwajiri siku ya Jumatatu. Anajitazama alivyovaa, moyo unamwanguka. Siku ya arusi ya dada yake anajificha nyuma ya nyumba, maana wenzake humwita mlingoti. Mzazi naye ametoa fedha, na nguo imelala sandukuni haivaliki. Mwisho kijana huanza kufikiri kwamba mwili wake una kasoro.

Basi tulielewe neno hili kwanza: mwili wa kijana hauna kosa. Kinachokosekana ni vipimo vyake, vilivyoandikwa katika karatasi.

Kwa nini nguo za dukani hazimwenei? Zamani watu wengi walishonewa nguo zao. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, toka mwaka 1861 mpaka 1865, askari walikuwa wengi mno, na nguo zao zilitakiwa haraka. Washonaji wakatumia saizi chache tu, kila saizi kwa watu wengi. Viwanda vya leo hufuata njia hiyo hiyo. Hukata nguo kwa ajili ya mtu wa katikati, si mrefu sana wala si mfupi sana. Shati likiongezwa upana, huongezwa na urefu. Ndiyo sababu kijana mrefu mwembamba akitafuta mikono mirefu hupewa shati lenye alama ya XL, naye huonekana kama amevaa gunia.

Sasa tuandike. Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni, nanyi myanakili:

1. Shingo
2. Mabega, toka mfupa wa bega hili mpaka mfupa wa bega la pili, kwa mgongoni
3. Kifua, chini ya makwapa
4. Mkono, toka mfupa wa bega mpaka kifundo cha mkono
5. Kiuno, pale anapofungia mkanda
6. Nyonga, pale palipo panene zaidi
7. Mguu kwa ndani, toka mahali miguu inapoachana mpaka juu ya kiatu

Mkimpima, kijana asimame wima, avae viatu vyake, apumue kama kawaida. Asiiname kutazama utepe, maana akiinama kipimo hubadilika. Utepe usibane, kidole kimoja kiweze kupita. Mkono aukunje kidogo, maana mtu hafanyi kazi mkono ukiwa umenyooka. Pimeni mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana, pimeni mara ya tatu. Na kijana ambaye miguu yake hailingani, pimeni mguu wa kulia na wa kushoto, mwandike vyote viwili. Fundi akipata namba mbili, atapinda kila mguu wa suruali mahali pake, na hakuna atakayeona tofauti.

Sasa twende sokoni na karatasi yetu. Watu wengi hununua mitumba, kama pale Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Hapo kijana asiyeenea saizi za kawaida ana bahati, maana nguo zimetoka nchi nyingi, za watu warefu na wafupi. Tazameni alama iliyo ndani ya kiuno cha suruali. Mara nyingi mtaona herufi W na namba, kisha herufi L na namba. W ni kiuno. L ni urefu wa mguu kwa ndani. Namba zote mbili ni inchi. Lakini msiiamini alama peke yake. Nguo iliyofuliwa mara nyingi huenda imeruka. Ipimeni kwa utepe.

Haya, tufanye hesabu. Kijana wetu ana kiuno cha inchi 30, na mguu wa inchi 36. Muuzaji ana suruali tatu.

Ya kwanza ni W 30, L 32. Kiuno ni sawa. Mguu umepungua inchi 4. Tazameni pindo la chini: lina inchi moja na nusu. Hata fundi akilifungua lote, bado patapungua inchi mbili na nusu. Iacheni.

Ya pili ni W 36, L 36. Mguu ni sawa. Kiuno kimezidi inchi 6. Fundi akipunguza inchi 6, mifuko ya nyuma itakaribia kugusana. Iacheni nayo.

Ya tatu ni W 32, L 36. Mguu ni sawa. Kiuno kimezidi inchi 2 tu. Fundi ataupunguza mshono wa nyuma, na kazi imekwisha. Nunueni hiyo.

Mmeona kanuni? Chagueni nguo kwa kipimo ambacho fundi hawezi kukirekebisha. Kitambaa kilichozidi hupunguzwa; kisichokuwapo hakiongezeki. Kwa kijana mrefu, tangulizeni urefu. Kwa kijana mnene, tangulizeni kiuno na nyonga, kisha urefu ukatwe. Kwa shati na koti, tangulizeni mabega siku zote. Ubavu hupunguzwa kwa urahisi, lakini bega la koti likiwa si lake, kulitengeneza ni kazi kubwa na ya gharama.

Kabla ya kulipa, kijana aijaribu nguo. Akae, achuchumae, anyanyue mikono. Nguo inayomfaa mtu akisimama tu ni nguo ya sanamu.

Na mkiamua kumshonea nguo mpya? Hapo angalieni mambo mawili. La kwanza: yadi si mita. Yadi moja ni inchi 36, yaani kama sentimita 91. Mita moja ni sentimita 100. Mkiagizwa mita moja na nusu, mkanunua yadi moja na nusu, mtapungukiwa na sentimita 13 hivi, na kwa mtu mrefu hizo ndizo zinazofunika vifundo. La pili: pamba huruka inapofuliwa mara ya kwanza. Kilowekeni kitambaa, mkianike, mkipige pasi, ndipo mkipeleke kwa fundi. Tena mwombeni aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono na kwenye pindo. Kijana wa miaka 17 bado anakua. Mwaka ujao akiba hiyo itafunguliwa.

Mkifika kwa fundi, msiseme tu, "Fundi, mshonee mwanangu suruali nzuri." Semeni, "Fundi, vipimo vyake ni hivi, tafadhali vihakikishe." Nguo ikirudi, ipimeni mbele yake kabla ya kumaliza kulipa. Fundi mwema hatachukia. Kazi yake na karatasi yenu vitasema neno moja.

Zamani mtu asiyejua kusoma alipokea nguo yoyote aliyopewa, akaambiwa, "Itamtosha." Leo ninyi mnaweza kusoma alama, kuandika namba, na kutoa inchi 30 katika inchi 32. Mtumieni elimu hiyo kijana wenu.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja ampime kijana mmoja, aandike vipimo saba na tarehe, ampe karatasi aiweke mfukoni. Baada ya miezi sita ampime tena.