Rutherglen: Mji Uliozaliwa na Dhahabu, Ukalelewa na Divai

(Maneno ya hotuba)



Dhahabu ikisikika mahali, miguu ya watu haitulii. Watu wa Kakamega waliyaona hayo tangu mwaka 1931, habari ya dhahabu ilipoenea na wageni wakamiminika kwa mahema na sururu. Lakini hayo hayakutukia Kakamega peke yake. Hotuba hii yahusu mji mdogo wa Australia uitwao Rutherglen. Mji huo uko karibu na Mto Murray, kaskazini-mashariki ya jimbo la Victoria, mwendo wa kilometa 280 hivi kutoka Melbourne, na habari zake zamfaa kila mtu mwenye shamba.

Kwanza ifahamike kwamba nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji weusi wa Australia walikuwa wakiishi kando ya mto ule, wakivua na kuwinda, kwa maelfu ya miaka. Katika miaka ya 1830 Waingereza walikuja na kondoo na ng'ombe, wakajitwalia malisho pasipo kuinunua nchi wala kupatana na wenyewe. Kisha, mwaka 1851, dhahabu nyingi ikavumbuliwa katika Victoria, na watu wakaja kutoka pande zote za dunia.

Zamu ya Rutherglen ilifika mwaka 1860. Muda si muda, palipokuwa na kondoo pakajaa mahema, maduka na hoteli. Miongoni mwa wenye hoteli alikuwa Mskoti mmoja, John Wallace. Inasimuliwa kwamba siku moja wachimbaji walikuwa wakitafuta jina la mji wao mpya. Mmoja wao akasema kwamba Wallace akiwanunulia vinywaji watu wote waliomo barazani, mji utaitwa kwa jina la mji wake wa kuzaliwa huko Uskoti. Wallace akakubali, na jina la Rutherglen likabaki hata leo.

Dhahabu iliyokuwa karibu na uso wa nchi haikuchukua muda kwisha. Iliyosalia ilikuwa chini sana, katika changarawe za mito ya kale iliyofukiwa na udongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini huko kuinama tu hakukutosha. Maji yalijaa katika mashimo, na ili kuyatoa ilihitajiwa mitambo ya mvuke yenye gharama kubwa. Basi kazi ikapita mikononi mwa makampuni, na mchimbaji aliyekuwa bwana wa sururu yake akawa mtu wa mshahara. Makampuni hayo yaliendelea mpaka mwanzo wa karne ya 20. Hatimaye gharama zikaishinda faida, na mitambo ikanyamaza.

Hata hivyo mji haukufa, kwa sababu wako watu walioitazama ardhi ile kwa jicho jingine. Ukoo wa Chambers ulianza kazi ya mizabibu mwaka 1858, na George Morris alishika shamba lake mwaka 1859, kabla ya kelele za dhahabu kufika Rutherglen. Mwaka 1864 Waskoti wawili, George Sutherland Smith na John Banks, walianzisha shamba la All Saints karibu na mto. Wachimbaji wenye kiu wakawa wanunuzi wa divai, na reli ilipofika mwaka 1879 mapipa yakaanza kwenda mbali. Divai ya All Saints ilikuwa imekwisha kupata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Vienna mwaka 1873. Mwaka 1889 Serikali ya Victoria ilianza kutoa msaada wa pauni 2 kwa kila eka iliyopandwa mizabibu, na mashamba yakazidi kuenea.

Lakini mafanikio hayo yaliwaangukia wengine kwa uzito. Wachina waliofika Victoria kuchimba dhahabu walitozwa kodi ya pauni 10 kila mmoja kwa sheria ya mwaka 1855, na mwaka 1857 walifukuzwa kwa nguvu na wachimbaji wa Kizungu katika bonde la Mto Buckland, si mbali na Rutherglen. Waliobaki wengine walifanya kazi katika mashamba ya mizabibu. Nyumba waliyolala vibarua wa Kichina wa All Saints ingali imesimama.

Na wenyeji wa kwanza je? Kando ya ziwa la Moodemere, jirani na mashamba hayo, aliishi Tommy McRae, mwenyeji mweusi aliyekuwa fundi wa kuchora kwa kalamu na wino. Alichora ngoma na mawindo ya watu wake, na alichora pia Wazungu na Wachina waliokuja katika nchi yao. Walowezi walivinunua vitabu vya picha zake, na leo baadhi yake vimehifadhiwa katika maktaba kubwa za Australia. Lakini katika miaka ya 1890 watoto wake walichukuliwa na wakuu, ingawa yeye alikataa. Alifariki mwaka 1901. Walioipenda kazi ya mikono yake hawakumwachia hata watoto wake.

Mwaka 1899 wenye mashamba nao walipata msiba wao. Mdudu aitwaye filoksera, mdogo kuliko kichwa cha sindano, alionekana katika mizabibu ya Rutherglen. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kaskazini. Hunyonya mizizi mpaka mzabibu unanyauka na kufa, naye huenezwa kwa udongo ulioshika viatu, majembe na miche. Alikwisha kuonekana Geelong tangu mwaka 1877. Mizabibu iliyotunzwa kwa miaka arobaini ikakauka machoni pa wenyewe, na wengi wakaacha kazi hiyo.

Dawa haikuwa kumwua mdudu. Mizabibu ya Kimarekani huvumilia kuumwa mizizi, basi kijiti cha mzabibu wa Ulaya hukatwa na kuungwa juu ya shina la Kimarekani. Mizizi huvumilia, na matawi huzaa zabibu zile zile. François de Castella, mtaalamu wa mizabibu wa Serikali, alikwenda Ulaya mwaka 1907 kuchunguza mambo hayo, na kituo cha Serikali cha Rutherglen kikasaidia kuotesha miche. Wakulima waliosalia wakang'oa mizabibu ya zamani, wakapanda upya, wakangoja.

Hata divai iliyoupa mji ule sifa hutaka kungoja. Zabibu za maskati huachwa mtini mpaka zisinyae kwa jua na utamu wake uzidi. Maji yake hutiwa pombe kali, kisha huwekwa katika mapipa kwa miaka mingi. Mara nyingi anayejaza pipa siye atakayelifungua, bali mwanawe au mjukuu wake.

Basi, mabibi na mabwana, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Dhahabu ya Rutherglen ilichimbwa mara moja ikaisha. Shamba lilikufa, likapandwa tena, na linazaa hata leo. Lakini aliyenyang'anywa ardhi hana pa kupanda, hata akiwa na subira ya namna gani.