MALI YA KIGENI HUFUATA NINI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo serikali yetu hulitangaza kila uchao: kwamba tukiwasamehe kodi matajiri wa kigeni, watakuja wenyewe na mali zao. Mimi ni mtu wa duka, nami najua kuwa mnunuzi huvutwa mara moja na bei, lakini hurejea kwa ajili ya mizani.

Itazameni Morisi, kisiwa cha bahari yetu hii. Ilipopata uhuru mwaka 1968 ilitegemea miwa tu. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya viwanda vya kuuza nje, na wenye viwanda wa Hong Kong wakaja kushona nguo. Kodi walisamehewa, naam. Lakini kodi husamehewa kwingi duniani. Kilichowaleta ni mlango wa soko la Ulaya, ambako nguo za Morisi ziliingia bila ya ushuru. Tena wenyeji wenye mashamba ya miwa walitia fedha zao humo humo, na mgeni akiona mwenyeji ameweka chake hupata moyo. Mwaka 1982 upinzani ulishinda viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Serikali ikaondoka kwa amani, na viwanda vikazidi kuongezeka miaka iliyofuata. (Hili wangelisikia wale wanaodai kuwa upinzani hufukuza matajiri!)

Turejee kwetu. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena miezi mitatu, kwa kuwa umeme wetu ulitegemea waya mmoja chini ya bahari. Waya mpya ulianza kutumika mwaka 2013. Je, msamaha wa kodi ungemfaa nini mwenye kiwanda katika kiza kile? Na mimi, mzaliwa wa hapa, niliingojea ruhusa ya ghala miezi saba katika afisi ambayo sitaitaja. Mgeni atangoja mingapi?

Sisemi msamaha ufutwe. Nataka wajumbe wetu waulize Barazani, kwa kila aliyesamehewa: kodi kiasi gani imeachwa, vijana wetu wangapi wameajiriwa, na kwa mshahara gani. Majibu yachapwe, tuyasome. Naomba tawi lilipigie kura shauri hili kabla ya adhana ya Isha.