Ulinzi wa Wanyamapori Hauishii Kwenye Uzio wa Hifadhi



Askari aliye zamu Gisozi, katika wilaya ya Gasabo hapa Kigali, huenda akadhani kwamba sheria za wanyamapori hazimhusu hata kidogo. Mbele yake kuna barabara, maduka, nyumba za watu, na soko la mbao na samani la Gakinjiro ambako misumeno hulia tangu asubuhi hadi jioni. Nyati hayupo, wala simba. Hifadhi ya Akagera iko mashariki, mpakani na Tanzania. Hifadhi ya Volkano iko kaskazini, mpakani na Kongo na Uganda. Msitu wa Nyungwe uko mbali kusini-magharibi. Kwa hiyo ni rahisi kwake kusema kwamba kuwalinda wanyama ni kazi ya watu wengine, wale wanaolala porini na kuamka na umande.

Leo tunapenda kueleza kwa nini fikira hiyo si sahihi. Kazi ya askari wa hifadhi huanzia porini, lakini hukamilishwa au hubomolewa na askari aliye mjini.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Wengi hudhani kwamba askari wa hifadhi ni mtu wa kufukuzana na majangili wenye bunduki. Mapambano ya namna hiyo yapo, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kutembea. Hutembea siku baada ya siku, akikagua njia za wanyama, akitafuta nyayo, majivu ya moto, na mitego. Mtego wa kawaida katika Hifadhi ya Volkano ni kitu duni kabisa. Ni mwanzi au mti mchanga uliopindwa, ukafungwa kamba yenye kitanzi, kisha ukafichwa chini ya majani. Umekusudiwa pongo na funo, wanyama wa kitoweo. Lakini kitanzi hakichagui. Mwaka 2012 mtoto wa sokwe wa milimani, ambao sisi huwaita ingagi, alikufa kwa kunaswa na mtego wa aina hiyo. Siku chache baadaye watafiti wa kituo cha Karisoke walishuhudia jambo la ajabu: sokwe wawili wadogo wa kundi hilohilo, Rwema na Dukore, wakiivunja mitego kwa mikono yao wenyewe. Ikiwa mnyama asiyejua kusoma sheria ameutambua mtego kuwa ni adui, je, binadamu mwenye akili na sare ana udhuru gani?

Kazi hii ina gharama, na gharama yake hulipwa kwa damu. Tarehe 31 Desemba 1977, sokwe dume aliyeitwa Digit aliuawa kwa mikuki alipokuwa akilikinga kundi lake dhidi ya majangili na mbwa wao. Walimkata kichwa na mikono. Mwaka 1999 tembo wa mwisho wa msitu wa Nyungwe aliuawa na majangili, na tangu siku hiyo msitu ule wote haukuwa tena na tembo hata mmoja. Mwezi wa Juni 2017 mtaalamu wa vifaru kutoka Hungaria alipoteza maisha ndani ya Akagera, akiuawa na kifaru wa aina ileile aliyokuja kuilinda. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, askari wa hifadhi 12 waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo, tarehe 24 Aprili 2020, pamoja na dereva wao na raia wanne. Na kabla mwaka haujatimia, mwezi wa Januari 2021, wenzao sita wakauawa katika hifadhi hiyohiyo.

Askari anayesikiliza maneno haya anajua maana ya kumpoteza mwenzake katika doria. Basi na ajue kwamba yule wa hifadhi ni mwenzake pia, ingawa kofia zao ni tofauti.

Ndugu wasikilizaji, kuna wanaouliza swali ambalo ni haki kulijibu. Wanasema: nchi yetu ni ndogo, watu ni wengi, na ardhi haitoshi; kwa nini jasho la askari na fedha za taifa zitumike kuwalinda wanyama?

Jibu la kwanza ni historia. Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maelfu ya wananchi waliokuwa ukimbizini walirejea nyumbani na ng'ombe wao, na hawakuwa na mahali pa kukaa. Mwaka 1997 taifa liliamua kuipunguza hifadhi hiyo kwa zaidi ya nusu, ili wananchi wapate ardhi. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima. Haiwezekani basi mtu kusema kwamba Rwanda imewatanguliza wanyama na kuwasahau watu. Watu walitangulizwa, na ramani inaonyesha. Kile kilichobaki ndicho sheria inachokilinda, na aingiaye humo na kitanzi anaiba katika akiba iliyokwisha kugawanywa.

Jibu la pili ni matokeo. Katika miaka iliyofuata, simba wa Akagera walikwisha, wengi wao kwa sumu ya wafugaji waliokuwa wakiikinga mifugo yao. Kifaru mweusi alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2007. Lakini tangu mwaka 2010 uendeshaji wa hifadhi uliwekwa chini ya ushirikiano wa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na shirika la African Parks. Uzio wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013, ukawatenga wanyama na mashamba ya watu. Doria ziliimarishwa, na mbwa wa kunusa wakaletwa. Ndipo mwaka 2015 simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 vifaru weusi 18. Vifaru weupe 30 walifuata mwaka 2021, na wengine 70 mwezi wa Juni 2025. Hakuna nchi ambayo ingekubali kukabidhi vifaru wake mahali ambapo askari hawaaminiki. Wanyama hao waliletwa baada ya ulinzi, wala si kabla yake.

Kwa upande wa Volkano, hesabu inasema yenyewe. Katika safu ya milima ya Virunga, inayohusu nchi tatu, sokwe wa milimani walikuwa 254 tu mwaka 1981. Hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilikuta 604. Na faida yake inamfikia mwananchi. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi hupelekwa kwa wananchi wanaoishi kando yake. Ilikuwa asilimia 5, ikaongezwa kuwa asilimia 10 mwaka 2017. Shule, maji na vituo vya afya vimejengwa kwa fedha hizo. Anayetega kitanzi leo anakata bomba la maji la jirani yake.

Sasa turudi mjini, turudi Gisozi. Tumesema kwamba kazi ya hifadhi hukamilishwa huku. Ushahidi upo, na hauhitaji bunduki kuueleza.

Kuna ndege anayeitwa umusambi, korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Makao yake ni mabonde ya maji na majani, kama lile la Nyabugogo linaloonekana chini ya kilima hiki. Dume na jike huishi pamoja maisha yao yote. Kwa Wanyarwanda ndege huyu ni alama ya utajiri na ya maisha marefu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Watu walimkamata na kumuuza, akakatwa mabawa asiruke, akawekwa katika bustani za nyumba na za hoteli kuwa pambo. Akiwa kifungoni huzaa kwa nadra sana. Hivyo kila bustani iliyopendeza ilikuwa imekata kizazi kimoja cha ndege. Mwaka 2012 akatajwa duniani kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Hapa hapakuwa na jangili wa kufuatwa porini. Mvunja sheria alikuwa mtu wa heshima, mwenye nyumba nzuri, ambaye pengine alimsalimia polisi kila asubuhi. Ni sheria gani ingetumika? Kama kila mmoja angekamatwa, ndege wengi wangefichwa, na wengine wangeuawa usiku ili kuficha ushahidi. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo wa Rwanda, Olivier Nsengimana, pamoja na chama chake cha kuhifadhi wanyamapori, wakishirikiana na serikali, walitumia njia nyingine. Walitangaza msamaha. Kila mwenye umusambi aliombwa amtaje, bila kushtakiwa. Redio ilitangaza, na watu wakaitikia. Ndege zaidi ya 200 walitolewa vifungoni. Wale walioweza kuruka walipelekwa Akagera kuzoezwa maisha ya porini. Wale ambao mabawa yao yalikuwa yamekwisha kuharibiwa walitengewa makao hapa Kigali, mahali paitwapo Umusambi Village, ambapo watoto wa shule huenda kuwaona na kujifunza. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilikuta ndege 487. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamezidi 1,000.

Fundisho la jambo hili ni kubwa kwa kila mwenye kulinda sheria. Msamaha ulifaulu kwa sababu ulikuwa na mpaka. Aliyemtaja ndege wake alisamehewa, lakini mlango wa kukamata ndege wengine ulifungwa. Upole usio na sheria nyuma yake hugeuka udhaifu, na sheria isiyopata imani ya wananchi hugeuka mchezo wa kujificha. Askari mwenye busara hujua wakati wa kutumia kila mojawapo.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2021 nchi yetu ina sheria maalumu ya bayoanuwai, na pia kuna sheria ya usimamizi wa misitu. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya askari wa hifadhi peke yake. Nyama ya porini haiuzwi porini. Huuzwa mahali penye watu na fedha. Gogo lililokatwa bila kibali halikai msituni. Hupakiwa usiku katika lori likapita katika barabara ambayo wewe unailinda. Mnyama akishakufa, askari wa hifadhi hana tena la kufanya isipokuwa kuandika taarifa. Kuanzia hapo matumaini yote yako kwa polisi wa barabarani, kwa askari wa mpakani, na kwa mpelelezi wa mjini.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo yanatupasa sote. La kwanza ni ushahidi. Kitanzi kilichong'olewa bila kuandikwa mahali kilipokutwa, na nyama iliyotupwa kabla haijaonyeshwa kwa mpelelezi, humfungulia mshtakiwa mlango mahakamani. Mtu aliyetembea siku tatu mvuani ili amkamate hastahili kuona juhudi zake zikipotea kwa uvivu wa kuandika. La pili ni habari. Mwananchi wa kando ya hifadhi ndiye ajuaye nani amenunua waya na nani amerudi alfajiri na mzigo. Hatasema kwa askari anayemdharau. La tatu ni nafsi zetu wenyewe. Askari anayenunua nyama ya porini, hata kipande kimoja kwa ajili ya chakula cha jioni, amekuwa mwajiri wa jangili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa sheria hii mara nyingi huanzia mezani.

Ndugu wasikilizaji, katika kilima cha Gisozi wamelazwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994, katika Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004. Hatulinganishi maisha ya mtu na ya mnyama, na haitafaa kufanya hivyo mahali pale wala mahali pengine popote. Lakini askari anayepita mbele ya Makumbusho hayo hahitaji kufundishwa kwamba sheria iliyoandikwa haimlindi yeyote ikiwa mwenye sare ameamua kutazama kando. Nidhamu ni moja. Anayeizoea katika mambo yanayoonekana madogo, lori moja, ndege mmoja, kipande kimoja cha nyama, ndiye anayeaminiwa katika mambo makubwa.

Usiku huu, wakati mazungumzo haya yakiisha, doria ziko njiani Akagera, Nyungwe, Gishwati na Volkano. Watatembea mpaka alfajiri. Wanaomba jambo moja tu kutoka kwetu tulio mjini: kwamba kile watakachokiokoa leo kule milimani, tusikiache kipite kesho mbele ya macho yetu.