Jua Mzigo Wako Kabla ya Kununua Pikapu

Ndugu msikilizaji wa Kuresoi, unataka pikapu ya kupeleka viazi Molo au Nakuru? Jua mzigo kwanza, kisha tafuta gari.

Gunia halali la viazi halizidi kilo 50. Magunia 20 ya kilo hizo ni tani moja. Hapo bado hujahesabu abiria, wala vyuma ulivyoongeza kwenye bodi. Vyote hivyo ni mzigo.

Soma kitabu cha gari. Angalia uzito ambao mtengenezaji ameruhusu. Usiamini ukubwa wa bodi. Bodi ikiwa na nafasi, haimaanishi breki zitamudu.

Usidanganywe na springi za kuongezwa. Springi huinua gari tu. Haziongezi nguvu ya breki, ekseli wala tairi.

Narudia: jua mzigo kwanza, kisha tafuta gari.

Fikiria pia barabara zetu. Mvua ikinyesha Keringet na Olenguruone, matope huteleza. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne litakusaidia kutoka shambani.

Kabla ya kulipa, nenda na fundi unayemwamini. Akague fremu, breki na tairi. Na mzigo ukizidi, fanya safari mbili. Usihatarishe maisha.