Doria Bila Mkataba: Usimamizi wa Pamoja katika Misitu ya Milima ya Udzungwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, maofisa wa halmashauri. Waandaaji wameniomba nianze na maana ya bioanuwai, chanzo cha maji na usimamizi shirikishi. Mmezisikia kila semina. Tuendelee.

Utajiri wa milima hii pia hauhitaji maneno mengi. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua ngolaga wa Sanje, ambaye wenyeji walikuwa na jina lake tayari. Mwaka 1991 watafiti walishtukia miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya kambini. Ndiye kwale wa Udzungwa. Mwaka 1992 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 1,990. Na mitambo ya Kihansi, megawati 180, inazungushwa na maji ya milima hiyohiyo.

Hoja yangu iko nje ya Hifadhi ya Taifa, kwenye misitu ya Serikali kama Uzungwa Scarp, ambako wanavijiji wamekuwa wakishiriki ulinzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu mikataba ya usimamizi wa pamoja. Kijiji chenye msitu wake chenyewe hubaki na mapato yake. Lakini msitu wa Serikali wa kutunza vyanzo vya maji hauvunwi mbao. Sasa kijiji kigawiwe nini? Swali hili nimeliuliza kwenye vikao vingi, na jibu ni kwamba linafanyiwa kazi.

Wakati linafanyiwa kazi, mwanakamati yuko mlimani na ndala. Anatafuta waya wa breki ya baiskeli uliofungwa kwenye mche uliopindishwa, kitanzi kimefunikwa majani katikati ya mapito ya minde. Pembeni mwindaji ameziba kwa matawi ili mnyama asipate pa kupita isipokuwa hapo. Ukikosa kuinama, unaupita. Na aliyeutega mara nyingi ni jirani. Kesho watakutana msibani, mmoja akiwa amemkamatisha mwenzake bila hata kitambulisho mfukoni.

Siisemei wala siilaumu ofisi yoyote. Lakini ipo rasimu ya mkataba ninayoifahamu iliyokaa mezani mpaka wenyeviti wa vijiji walioisaini wakamaliza vipindi vyao, kisha vijiji vikaambiwa saini hizo zimepitwa na wakati. Hapo uvumilivu wa kitumishi, Mheshimiwa, unapungua.

Napendekeza: mikataba iliyokwama isainiwe, na kila ofisi ipewe tarehe ya mwisho ya kujibu kwa maandishi. Wanakamati wapewe vitambulisho, buti na makoti ya mvua. Sehemu ya faini na ya mauzo ya mbao zilizokamatwa irudi kijijini, kiasi kisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wanaotumia maji kuzalisha umeme wachangie ulinzi wa vyanzo. Hili tumelisema miaka mingi. Wanaotegemea nyama ya porini wasaidiwe kufuga kuku na samaki, mradi usiishie kwenye uzinduzi. Miti ya kuni ipandwe karibu na makazi. Doria ziandikwe kwenye daftari moja linalofanana vijiji vyote. Na narudia, mikataba isainiwe. Bila hiyo, buti nilizoomba zitakuwa za kwendea shamba, nami sitamlaumu atakayezivaa huko.