AKIJILAUMU AU AKIMLAUMU?

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo dogo la Kiingereza, liwezalo kumtia hatiani mtu asiye na kosa.

Tuseme karani aandika habari ya fedha zilizopotea: "Blaming him, the clerk wept." Aliyokusudia ni kwamba karani alilia akijilaumu. Lakini asomaye atafahamu kwamba karani alikuwa akimlaumu mtu mwingine, na huyo mwingine atatafutwa. Neno lililopasa ni "himself".

Katika Kiswahili hatukosei, maana "ji" hukaa ndani ya kitendo, na mtendaji hutangulia: nikijilaumu, akijilaumu, wakijilaumu. Kitendo cha Kiingereza chenye mwisho wa "ing" hakimwonyeshi mtendaji. Yatupasa kumtafuta katika maneno yanayofuata. Mtendaji akiwa "he", twaandika "himself". Akiwa "I", "myself". Akiwa "they", "themselves". Asipoonekana, maneno huharibika: "Washing myself, the water was cold." Hapo ni kama kwamba maji ndiyo yaliyooga!

Tena tusidhani kwamba kila "ji" yetu yataka neno hilo. Kwa akijifunza, "learning" latosha. Kwa akijificha, "hiding".

Basi, kabla ya kutia kalamu winoni, jiulizeni: Nani atenda, na nani atendwa? Wakiwa ni mtu mmoja, msiandike "him".